Kutafuta Hitilafu katika Hita ya Propani ya Gari-Nyumba la Zamani

Gari-nyumba ni gari lenye injini yake ambalo ndani yake mmejengwa makazi kamili, yaani vitanda, jiko, choo, matangi ya maji na mfumo wa kupashia joto, na ambalo huko Marekani na Kanada limekuwa chombo cha kawaida cha wasafiri na wastaafu. Kampuni ya Winnebago, iliyoanzishwa katika mji wa Forest City, jimbo la Iowa, ilianza kuunda magari ya aina hii mwaka 1966, na magari yaliyotoka viwandani katika miaka ya 1970, 1980 na 1990 yangali yakinunuliwa na kuuzwa hadi leo. Mnunuzi wa gari la umri huo hukagua injini na matairi kwa makini, lakini kifaa kitakachoamua kama familia yake italala salama usiku wa barafu ni hita ya propani, ambayo kwa kawaida hufichwa nyuma ya kibao chini ya kabati na haikumbukwi mpaka siku inapokataa kuwaka.

Msingi wa mwongozo huu ni mmoja. Hita ya propani haiwaki kwa amri moja, bali kwa mfuatano wa hatua ambamo kila hatua hutoa ruhusa kwa ile inayofuata. Kwa hiyo anayeujua mfuatano huo hana haja ya kubahatisha wala kununua vipuri ovyo, kwa sababu pale mfuatano unapokatikia ndipo hitilafu inapoanzia kutafutwa. Jambo la pili linalotokana na hilo ni kwamba hita inayokataa kuwaka mara nyingi haijaharibika, ila inatimiza wajibu wake wa kumlinda aliyelala, na ukataaji huo unastahili kusikilizwa kabla ya kushindana nao.

Propani na tabia zake

Propani ni gesi inayohifadhiwa ndani ya tangi ikiwa kimiminika chini ya kanieneo kubwa, au presha kama mafundi wasemavyo, na hugeuka mvuke inapotolewa. Msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu kupitia gesi ya mtungi ya kupikia, ambayo kwa kawaida ni mchanganyiko wa propani na butani. Lakini penye majira ya baridi kali hutegemewa propani, kwa kuwa butani huacha kutoa mvuke wa kutosha joto linaposhuka hadi karibu nyuzi 0 za Selsiasi, ilhali propani huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kuhusu matumizi, hita ya wastani yenye nguvu ya kilowati 9 hivi hula takriban kilo 0.6 za gesi kwa saa moja ya kuwaka mfululizo, kiasi kwamba mtungi wa kilo 6, uliozoeleka katika majiko ya Nairobi na Dar es Salaam, ungemalizika kwa saa kumi tu.

Tabia mbili za gesi hii ndizo zinazoongoza tahadhari zote zitakazotajwa. Ya kwanza ni uzito wake, ambao ni takriban mara moja na nusu ya uzito wa hewa, hivyo inapovuja haipandi juu na kutoweka, bali hushuka na kutuama sakafuni ikisubiri cheche. Ndiyo maana kitambuzi cha gesi, yaani kifaa kinacholia gesi inapovuja, hufungwa chini karibu na sakafu. Ya pili ni kwamba propani ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoipita oksijeni zaidi ya mara 200. Harufu kali ya uvundo inayosikika gesi inapovuja ni ya kemikali iliyotiwa makusudi ili kumwonya mtu. Kaboni monoksaidi haina onyo kama hilo, na mtu aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Mfuatano wa kazi ya hita

Kazi huanza kwenye thamostati, yaani swichi ya ukutani inayofunga saketi ya umeme chumba kinapopoa kupita kiwango kilichowekwa. Umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri hufika kwenye rilei, ambayo ni swichi inayoendeshwa na umeme wenyewe na ambayo katika hita za zamani imetengenezwa ili ichelewe kidogo, kisha feni huanza kuzunguka. Mota ya feni ina mhimili unaotokeza pande mbili: upande mmoja husukuma hewa ya chumbani kupitia mifereji ya joto, na upande wa pili huvuta hewa ya nje kwa ajili ya moto na kuutoa moshi nje kwa bomba, na hewa hizi mbili zimetenganishwa na ukuta wa chuma wa chemba ya mwako, hivyo katika hita isiyo na ufa moshi haukutani kamwe na hewa ya kupumua.

Upepo wa feni husukuma kipande chepesi cha bati kinachoitwa tanga, kwa kuwa hufanya kazi kama tanga la jahazi, na tanga hilo hufunga swichi yake pale tu feni inapofikia karibu robo tatu ya mwendo wake kamili. Swichi ya tanga ndiyo shahidi kwamba hewa ipo, na bila ushahidi huo gesi haifunguliwi. Umeme hupitia pia kwenye swichi ya kikomo cha joto, ambayo kwa kawaida imefungwa na hujifungua hita inapopata joto la kupita kiasi. Mashahidi hawa wawili wanaporidhika, bodi ya umeme, yaani kibao chenye saketi zinazosimamia uwashaji, husubiri sekunde 15 au zaidi ili mabaki ya gesi yapeperushwe nje, kisha hufungua valvu ya gesi na kurusha cheche kwa muda wa sekunde 7 hivi.

Moto unapowaka, elektrodi, ambayo ni kijiti cha chuma kilichosimama ndani ya mwali, hupitisha mkondo mdogo mno wa umeme kupitia mwali huo, na bodi ikiusoma mkondo huo hutambua kwamba moto upo na kuiacha valvu wazi. Isipousoma, huifunga mara moja; bodi nyingi za zamani hujaribu mara moja tu, na za baadaye hujaribu hadi mara tatu, kisha hita hujifungia mpaka thamostati izimwe na kuwashwa upya. Chumba kinapopata joto la kutosha, valvu hufungwa, na feni huendelea kwa dakika moja au mbili ili kuipoza chemba kabla ya kusimama.

Maandalizi na tahadhari

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mita ya kupimia volti, bisibisi, spana, brashi laini, msasa mwembamba, tochi na maji ya sabuni. Kabla ya kulegeza nati yoyote ya bomba la gesi, valvu ya tangi hufungwa, na kila moto ndani ya gari huzimwa, pamoja na friji ya gesi na hita ya maji. Uvujaji hutafutwa kwa maji ya sabuni yanayopakwa kwenye maungio na kutazamwa kama yanatoa mapovu. Sabuni yenye amonia au klorini haifai kwa kuwa hula shaba, na kutafuta uvujaji kwa kiberiti ni kujiua. Iwapo harufu ya gesi inasikika, watu wote hutoka nje, tangi hufungwa, milango huachwa wazi, na swichi yoyote haiguswi, hata ya taa.

Kitambuzi cha gesi na kitambuzi cha kaboni monoksaidi huangaliwa kwanza, kabla ya hita yenyewe. Vifaa hivi huchakaa hata kama taa zake bado zinawaka, na vingi vimetengenezwa vidumu miaka 5 hadi 7 tu. Gari la miaka thelathini ambalo vitambuzi vyake ni vile vilivyotoka kiwandani ni gari lisilo na mlinzi. Aidha, katika baadhi ya magari kitambuzi cha gesi kimeunganishwa na valvu inayofunga bomba lote, hivyo kitambuzi kikifa, hita, jiko na friji hukosa gesi kwa pamoja.

Hita isipoitika kabisa

Thamostati ikipandishwa na feni isizunguke hata baada ya dakika moja, tatizo liko katika umeme, na hakuna sababu ya kuigusa gesi. Fyuzi hukaguliwa, kisha swichi ndogo ya kurejesha umeme iliyo kwenye hita, ambayo hukatika mota inapovuta umeme kupita kiasi. Zikiwa salama, nyaya mbili za thamostati huunganishwa kwa muda pale kwenye hita. Feni ikianza, thamostati au waya wake ndio mbovu, na mara nyingi kusafisha ncha za thamostati ya zamani zilizoshika kutu kunatosha.

Feni ikiendelea kunyamaza, hupimwa kama volti 12 zinaingia kwenye rilei na kama zinatoka. Zikiingia bila kutoka, rilei imekufa. Zikifika hadi kwenye mota nayo isizunguke, mota imeshika au brashi zake za kaboni zimekwisha. Waya wa hasi unaoshikana na chasi usisahauliwe, kwa maana katika gari la zamani kutu kwenye ungio hilo moja husababisha maradhi yanayofanana na kufa kwa bodi, rilei na mota.

Feni ikizunguka bila moto kuwaka

Hii ndiyo dalili iliyo tajiri kuliko zote, na sababu yake ya kwanza huwa ni unyonge wa betri. Feni ya hita ya wastani huvuta ampea 7 hadi 10, hivyo ikifanya kazi kwa jumla ya saa nne katika usiku mmoja humaliza ampea-saa 28 hadi 40, ilhali betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kukamuliwa zaidi ya nusu. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi ikiwa imetulia. Hita nyingi hudai angalau volti 10.5, na chini ya hapo feni huzunguka kwa sauti inayomridhisha msikilizaji ilhali tanga halijasukumwa vya kutosha. Kipimo cha kweli huchukuliwa kwenye nyaya za hita yenyewe huku feni ikizunguka, si kwenye betri iliyopumzika, kwa sababu waya mwembamba au ungio lenye kutu huonyesha hasara yake pale tu umeme unapopita.

Volti zikiwa za kutosha, swichi ya tanga ndiyo inayofuata. Vumbi, nywele za mbwa na nyuzi za zulia hujikusanya kwenye bati lake au kwenye gurudumu la feni, na usafishaji kwa brashi laini humaliza matatizo mengi bila gharama. Swichi hii, pamoja na ile ya kikomo cha joto, hupimwa kwa mita huku hita ikifanya kazi, ili kuona kama umeme unaoingia upande mmoja unatoka upande wa pili. Hapa kuna tofauti inayopasa kuzingatiwa daima: kuunganisha nyaya za thamostati kwa muda ni jaribio lisilo na madhara, lakini kuziunganisha nyaya za swichi ya tanga au ya kikomo na kuziacha hivyo ni kumziba mdomo shahidi, na siku feni itakapokufa gesi itawaka bila hewa na bila njia ya kutoa moshi.

Umeme ukipita kwenye swichi zote mbili, sikio hutegwa. Mlio mdogo wa valvu inayofunguka ukisikika pamoja na mlio wa cheche, lakini moto usiwake, gesi ndiyo haifiki. Jiko huwashwa mafiga yote: moto wake ukiwa dhaifu, au ukilegea hita inapojaribu kuwaka, tatizo liko kwenye tangi au kwenye regyuleta, yaani kifaa kinachoshusha presha ya tangi hadi ile inayofaa vyombo vya ndani. Presha hiyo ni ndogo, sawa na ile inayoinua safu ya maji kwa inchi 11, takriban sentimita 28, na hupimwa na fundi mwenye kipimo maalumu. Tangi likifunguliwa kwa haraka, valvu yake ya usalama huweza kudhania kwamba bomba limekatika na kuubana mkondo. Dawa yake ni kufunga, kusubiri kidogo, kisha kufungua polepole. Regyuleta yenye kutu hubadilishwa na haikarabatiwi.

Valvu isipotoa mlio, hupimwa kama inapata volti 12 katika zile sekunde chache za uwashaji. Ikizipata na isifunguke, valvu ni mbovu na hubadilishwa nzima. Isipozipata ingawa swichi zote zimeruhusu, bodi ndiyo ya kushukiwa, baada ya kuichomoa na kusafisha ncha zake za shaba, ambazo mara nyingi ndizo zilizokuwa kizuizi. Cheche isipoonekana, hukaguliwa waya wake, kauri ya elektrodi kama ina ufa, na nafasi kati ya ncha zake, ambayo kwa kawaida ni milimita 3 hivi.

Sababu ya mwisho katika kundi hili huwashangaza wengi. Nyigu wa matope na buibui huvutiwa na mabomba ya hita katika miezi ambayo haitumiki, wakajenga viota vinavyoziba njia ya hewa au kichomeo. Viota hutolewa kwa mkono na kwa brashi. Lakini tundu dogo la shaba ambalo gesi hupenya halichokolewi kwa sindano wala waya, kwa kuwa kulipanua hata kidogo hubadilisha kiasi cha gesi na kuzalisha masizi na sumu.

Moto ukiwaka na kuzimika

Moto unaowaka kwa sekunde chache tu kisha kuzimika huonyesha kwamba bodi haiusomi mwali. Elektrodi iliyofunikwa na masizi au kutu husuguliwa taratibu kwa msasa mwembamba, na ungio la waya wa hasi husafishwa, kwani mkondo wa kusoma moto ni mdogo kiasi kwamba uchafu usioonekana unatosha kuukata.

Moto unaowaka kwa dakika kadhaa, ukazimika huku feni ikiendelea, kisha ukawaka tena, ni ishara ya swichi ya kikomo: joto linazalishwa lakini haliondoki. Mifereji ya hewa iliyobanwa na mizigo, matundu ya joto yaliyofungwa na wenye gari wakidhani wanaokoa gesi, au sanduku lililoegemezwa kwenye njia ya hewa inayorudi kwenye hita, vyote huleta dalili hiyo. Swichi yenyewe hushukiwa mwisho, baada ya njia zote za hewa kufunguliwa.

Feni isiyosimama hata thamostati ikizimwa huelekeza kwenye rilei iliyoganda au nyaya za thamostati zilizogusana. Dosari hii si ya hatari ya haraka, lakini humaliza betri kabla ya alfajiri.

Mahali pa kusimama

Yapo mambo ambayo mwenye gari hapaswi kuyajaribu. Mwali wa hita yenye afya ni wa buluu na umetulia. Ukiwa wa manjano, au masizi meusi yakionekana kwenye bomba la moshi, hita huzimwa na haiwashwi tena mpaka ikaguliwe na fundi wa gesi aliyehitimu. Chemba ya mwako yenye ufa au tundu la kutu haichomelewi wala haizibwi kwa namna yoyote. Hubadilishwa, au hita nzima hutupwa. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu vinavyowapata watu kadhaa kwa pamoja ndani ya gari, na kupungua wanapotoka nje, vichukuliwe kuwa sumu ya kaboni monoksaidi mpaka ithibitike vinginevyo, na waliopatwa wafikishwe kwa daktari bila kuchelewa.

Vilevile, hita ikishindwa, jiko la gesi haliwi mbadala wake. Jiko huunguza hewa ile ile inayopumuliwa na kumwaga moshi wake chumbani, jambo ambalo hita ilitengenezwa kwa ustadi mkubwa ili isilifanye. Blanketi za ziada, au kuhamia penye nyumba yenye joto, ni bora kuliko usiku mmoja wa jiko lililoachwa likiwaka.

Matunzo kabla ya majira ya baridi

Hita huwashwa kwa majaribio wiki kadhaa kabla ya baridi, mchana, milango ikiwa wazi na mafundi wakiwa bado wana nafasi. Bomba la moshi hutazamwa kwa tochi, feni na tanga husafishwa, ncha za betri huondolewa ukungu wa chumvi, maungio ya gesi hupakwa maji ya sabuni, na tarehe za vitambuzi husomwa. Wavu maalumu wa kuzuia wadudu huweza kufungwa kwenye bomba, mradi uwe umeidhinishwa na mtengenezaji wa hita hiyo, kwa sababu wavu usiofaa hubana hewa. Gari huegeshwa mbali na nyasi kavu, kwani bomba la moshi hutoa joto la kuziunguza; na kabla ya kuingia kituo cha mafuta, valvu ya tangi la propani hufungwa na mioto yote huzimwa.

Mwenye gari la zamani atakayejizoeza kusikiliza mfuatano huu, yaani thamostati, feni, tanga, kikomo, gesi, cheche na mwali, ataweza kutambua mwenyewe sehemu kubwa ya hitilafu za hita yake, na atakapomwita fundi atajua la kumweleza. Lakini kabla ya kufungua kibao hata kimoja, na ajaribu kitambuzi cha kaboni monoksaidi na kusoma tarehe iliyoandikwa nyuma yake; kama muda wake umepita, kipya kinunuliwe siku hiyo hiyo, kisha ndipo hita iguswe.